Paka anayumba, anatetemeka au kichwa kimelala upande: angalia haya kabla hujasema kapagawa

Maswali ni yale yale, yanatoka hapa Lamu, Mkomani, Langoni, Shela, mara nyingine Malindi na Watamu: paka anapepesuka, paka kichwa kimelala upande mmoja hakirudi, paka anavuta miguu ya nyuma, paka katetemeka usiku kucha na asubuhi hataki kula. Na majibu anayopewa mtu barazani pia ni yale yale, ati kapagawa, ati kateguka mgongo, ati mwache atapona mwenyewe. Kisomo hakuna anaekukataza, msomee na umuombee, lakini ubongo na mishipa ya fahamu ya paka huharibika kwa sababu zinazojulikana na nyingi zina tiba ukiwahi, na kwa mji wetu huu mimi naona kesi nyingi zinarudi sehemu mbili, sahani yake ya samaki na dawa ya viroboto uliyompaka. Anza kujiuliza hapo, kala nini na kapakwa nini.

Mimi si daktari, nalisha paka wa mtaani na kuwapeleka wagonjwa wanapohitaji kupelekwa. Nimepanga kwa dalili, kila dalili naanza na sababu ninayoiona sana alafu nashuka kwa zile za nadra. Vitu vya kuangalia mwenyewe viko mwanzo, na pale nitakaposema acha, tafadhali acha kweli.

KABLA YA KUMGUSA

Hili naliweka mwanzo na usiliruke. Paka aliebadilika tabia ghafla, alikuwa mpole sasa anarukia watu bila sababu, au alikuwa wa kukimbia watu sasa anakuja kujilaza miguuni, sauti imegeuka, udenda unamwagika, taya limelegea hawezi kumeza, miguu inaanza kukosa nguvu, huyo mchukulie ana kichaa cha mbwa mpaka daktari aseme sivyo. Ni kweli mbwa mjini Lamu si wengi, lakini bara wapo, Mokowe, Hindi, Mpeketoni, na paka wanahama na mizigo kwenye boti kila siku, kwa hivyo usijiambie huku hauwezi kufika.

Kitu ambacho watu wengi hufanya ni kumfungua mdomo kuangalia kama kakwamwa na mfupa wa samaki. Usifanye. Mate ndo yanayobeba ugonjwa. Mfungie chumba, au kama yuko uani mfunike na tenga ama kreti iliyogeuzwa uweke uzito juu, watoto wakae mbali, alafu piga simu ofisi ya mifugo. Usimpige kichwani wala usimtupe baharini, manake wataalamu wakitaka kuthibitisha huo ugonjwa wanapima ubongo.

Na kama kashakuuma au kukuparura, au mate yake yameingia kwenye kidonda: osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, usitie ndimu wala mafuta ya taa wala pilipili, alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, hapa mjini ni King Fahd, uwaambie wazi umeumwa na paka anaeshukiwa kichaa. Kuna utaratibu wa kumwangalia paka siku 10 kuona kama atakufa au atabaki mzima, lakini huo ni wa daktari kuamua, wewe usikae nyumbani kuzihesabu siku ndo uende. Dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anaepona, na chanjo ikianza mapema inazuia. Kwahivyo hapa hakuna kusubiri.

Paka anachanjwa kuanzia miezi 3, alafu anarudiwa kama daktari atakavyokupangia. Ukisikia kuna siku ya chanjo ya mbwa, na mara nyingi huwa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ndo siku ya kichaa cha mbwa duniani, beba na paka pia.

ANATETEMEKA, NGOZI INARUKARUKA, MASIKIO YANACHEZACHEZA

Swali la kwanza: je, ndani ya siku mbili tatu hizi kuna mtu kampaka, kampulizia au kamuogesha na kitu? Ulizia nyumba nzima, sio wewe tu, uliza dada wa kazi, uliza watoto, uliza jirani, manake paka wa Lamu ana nyumba tatu na kila nyumba inamhudumia kivyake.

Sababu ninayoiona sana ni dawa ya viroboto au kupe ambayo si ya paka. Mtu anaenda agroveti anauliza dawa ya kupe anapewa ile ya ng'ombe na mbuzi, au pouda ya mbwa, au anachukua spreyi ya mende hapo nyumbani. Ndani yake mara nyingi kuna permethrini au ndugu zake, soma kibandiko, ukiona jina linaishia na "thrin" hiyo isimguse paka. Mbwa anavumilia kwasababu ini lake linaweza kuivunja hiyo sumu, ini la paka halina huo uwezo, inabaki mwilini inachezea mishipa ya fahamu. Dalili zinaanza baada ya masaa machache, mara nyingine siku ya pili ndo zinatoka vizuri: masikio yanapigapiga, ngozi ya mgongo inaruka, anatembea anatikisa miguu kila hatua, alafu mwili mzima unatetemeka na degedege linafuata.

Cha kufanya: vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, muoshe na maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, suuza mpaka manyoya yaache kuteleza. Sio maji moto, maji moto yanafungua ngozi sumu inaingia zaidi, na sio maji baridi ya kisima usiku atapigwa na baridi. Mfute, mfunge taulo asijilambe, weka chumba chenye giza na kimya, alafu daktari. Kama tayari ana degedege usihangaike na kuosha, mbebe vile alivyo. Kuna dawa za kushusha hiyo mitetemeko na akiwahiwa mara nyingi anarudi sawa ndani ya siku chache.

Sababu ya pili ni zile dawa za kuogeshea mifugo na za shambani za kundi jingine. Hizi utazijua kwasababu paka analowana kila upande, udenda, machozi, mkojo, anaharisha, mboni zimekuwa nukta, na anatetemeka huku anahema kwa shida. Huyo hana muda. Ipo dawa ya kuzuia, inaitwa atropini, lakini ni ya daktari kuchoma. Beba chupa au pakti ya ile sumu, au ipige picha, usimwambie tu daktari "ile ya kijani".

Sumu ya panya pia huja hapa, ingawa aina nyingi zinamtoa paka damu ndani kwa ndani badala ya kumtetemesha, kwa hivyo ukiona amepauka fizi na amelegea usiseme basi si sumu ya panya.

Mafuta ya taa kwa viroboto, jamani, tuache. Na Dettol ya kufutia sakafu vilevile, paka akitembea juu yake ikiwa mbichi anailamba miguuni. Hata ivermectin ya sindano ambayo watu wanapeana kwa matone "kidogo tu", kipimo kikizidi paka anayumba, mboni zinafunguka, anakuwa kipofu kwa muda, wengine hawaamki.

Usimtapishe, usimnyweshe maziwa kwa nguvu, wala mafuta. Paka anaetetemeka hamezi vizuri, kile unachomnywesha kinaingia mapafuni na utakuwa umemuongezea ugonjwa wa pili.

HAWEZI KUINUA KICHWA, ANAPEPESUKA, MBONI ZIMEFUNGUKA

Hii ndo ya samaki, na nitakaa nayo kidogo kwasababu huku kwetu paka anaishi kwa samaki.

Inaanza kimya. Paka aliekuwa anasubiri mashua gatini anapoteza hamu ya kula, mara anatapika, udenda kidogo, unadhani kashiba kwa jirani. Baada ya siku kadhaa utaona kitu ambacho ukishakiona mara moja hukisahau: kakaa mbele ya sahani, kidevu kimeshuka mpaka kifuani, anasikia harufu na anataka kula lakini shingo hainyanyuki, anasukuma sahani na paji la uso. Mboni zimejaa jicho zima, nyeusi ti, hata mchana kwenye jua. Akitembea miguu inapishana. Ukimbeba ghafla anaweza kujikunja akaingia degedege hapo hapo mikononi.

Huu mara nyingi ni upungufu wa vitamini B1, wengine wanaiita thayamini. Baadhi ya samaki wabichi, hasa wale wadogo wa jamii ya dagaa, na vitu vya maganda kama kome, wana kimeng'enya kinachoivunja hiyo vitamini, na matumbo ya samaki ndo yanacho zaidi. Sasa angalia paka wetu anapewa nini: matumbo na vichwa, vibichi, kila siku, mwezi baada ya mwezi. Paka anahitaji B1 nyingi kuliko mbwa na mwili wake hauna akiba kubwa, kwahivyo wiki chache zinatosha kumfikisha hapo.

Angalia kwanza: anakula samaki mbichi peke yake au karibu peke yake? Wenzake wanaokula sehemu ile ile wakoje, wawili watatu wameanza kuyumba pamoja? Kuna mtu kampaka dawa (rudi juu)? Ni mzee anaekunywa maji sana na kukojoa sana? Hili la mwisho ni muhimu manake paka mzee mwenye figo mbovu anapoteza potasiamu na shingo yake inaanguka vile vile, sura ni moja, tiba sio moja.

Tiba ya B1 ni sindano, kwa siku kadhaa, na ikiwa ndo yenyewe na hujachelewa unaanza kuona tofauti ndani ya siku moja au mbili, kichwa kinaanza kunyanyuka. Sioni sababu ya mtu kujaribu vidonge vya kemisti nyumbani wakati paka mwenyewe hamezi, sindano ni rahisi na daktari wa mifugo kwa kawaida huwa nayo. Ukichelewa anakufa, au anapona lakini anabaki na kasoro.

Alafu chakula kibadilike, manake ukimtibu ukamrudishia matumbo yale yale utarudi pale pale. Chemsha samaki, moto unaua kile kimeng'enya. Usipike mpaka avurugike, na usimwage ule mchuzi kama hujautia chumvi wala kitunguu, vitamini nyingine zimehamia mle. Samaki iwe siku kadhaa kwa wiki sio wiki nzima, siku nyingine kuku au moyo wa ng'ombe, na kama mfuko unaruhusu changanya na chakula cha paka cha dukani. Jodari na samaki wengine wa mafuta wakiwa ndo chakula cha kila siku wana shida yao nyingine, mafuta ya mwilini mwa paka yanavimba na kuuma, ukimgusa mgongo au tumbo analia, mtu anadhani kavunjika.

Na kuna wale wanaokwepa samaki wanahamia maini tupu. Maini kidogo mara moja kwa wiki ni mazuri. Maini kila siku kwa miezi mingi yanamjaza vitamini A, mifupa ya shingo inaota na kuungana, paka anakaa wima shingo ngumu hawezi hata kujilamba mgongoni. Hiyo hairudi nyuma.

KICHWA KIMELALA UPANDE, ANAZUNGUKA UPANDE MMOJA, MACHO YANACHEZA

Mshike kichwa taratibu uangalie macho. Kama yanakwenda yakirudi yenyewe, kushoto kulia, bila yeye kutaka, basi kile chombo cha mizani kilichoko ndani ya sikio au kwenye ubongo kimeguswa. Ndo maana anaanguka na wengine wanatapika, ulimwengu unamzunguka.

Mara nyingi ni sikio. Lichungulie: ukikuta uchafu mkavu mweusi kama makapi ya kahawa hao ni utitiri, na mtoto wa paka wa mtaani kwa kawaida anao. Utitiri wenyewe unawasha tu, shida inakuja ukiachwa, anajikuna, panaingia maambukizi, yanashuka mpaka sikio la kati na la ndani. Kichwa kinalala upande wa sikio linaloumwa na anazunguka upande huo huo. Angalia pia kama jicho la upande huo mboni yake ni ndogo kuliko ya pili na ile ngozi nyeupe ya kona imepanda, hiyo inakwambia ugonjwa ushaingia ndani.

Usitie chochote sikioni kabla daktari hajaliangalia. Sio mafuta ya nazi, sio matone ya binadamu, sio pamba ya kijiti. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka kuna dawa zikishuka ndani zinaliua sikio kabisa na mizani inaharibika zaidi, hata zile zinazouzwa kwa ajili ya masikio. Tiba ya sikio la ndani ni antibayotiki za wiki kadhaa, na hapa watu ndo wanaponishangaza, wanaona kichwa kimenyooka kidogo siku ya tano wanaacha dawa. Maliza.

Paka kijana asiekuwa na uchafu wowote lakini anakoroma akiwa macho au ana mafua yasiyoisha, anaweza kuwa na kinyama kilichoota ndani ya sikio au kooni, hicho kinatolewa kwa upasuaji. Paka mwengine inamjia ghafla tu bila sababu ya kuonekana, baada ya siku tatu anaanza nafuu na wiki mbili tatu kapona, lakini hilo jina anapewa baada ya mengine yote kuondolewa. Na kama alikuwa anatumia metronidazole kwa kuharisha, sema, manake kipimo kikiwa kikubwa au siku zikizidi dawa hiyo yenyewe huleta kuyumba na macho kucheza, na ikisimamishwa anarudi.

Nyumbani mfungie chumba cha chini, asipande darini, hana mizani huyo na nyumba zetu zina ngazi kali na paa wazi. Mlishe kwa mkono, maji kwenye kibakuli kizito kisichopinduka.

Wasiwasi uwe mkubwa zaidi kama pamoja na kichwa upande amelala usingizi usio wa kawaida, hajui anapokwenda, au mguu mmoja unakanyaga kwa mgongo wa unyayo. Hapo inaweza kuwa ubongo wenyewe: kimelea cha toksoplasma, kuvu wanaopatikana kwenye mavi ya njiwa, au ule ugonjwa wa virusi wa paka unaoitwa FIP ambao hushika sana paka wadogo wa chini ya miaka miwili. FIP zamani ilikuwa ni kifo tu, sasa ipo dawa inayoitwa GS-441524 na imeponya wengi duniani, muulize daktari kama anaweza kuipata.

DEGEDEGE

Ondoa vitu pembeni asijigonge, msogeze mbali na ngazi na kisima kwa kumvuta na nguo, zima redio na taa, angalia saa. Usimshike ulimi, paka hamezi ulimi, atakachofanya ni kukung'ata mpaka mfupa. Usimnusishe kitunguu. Chukua vidio hata ya nusu dakika, hiyo vidio inamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Likipita dakika 5 bila kusimama, au akipata la pili kabla hajarudiwa na fahamu, au yamekuja matatu kwa siku, hiyo ni dharura, ondoka na paka hata kama ni usiku. La dakika moja na kaamka kachanganyikiwa akatulia, mpe muda, chakula baadae, na daktari kesho yake.

Sababu kwa mpangilio ninaouona: sumu, B1, mtoto wa paka aliekosa sukari, kugongwa kichwa, maambukizi ya ubongo, alafu kifafa chenyewe ambacho kwa paka si kingi kama kwa mbwa. Huyo wa sukari ni yule mdogo aliekosa mama, tumbo limejaa minyoo, mwili baridi, amelegea. Mpashe joto kwanza mwilini mwako, mpake asali kidogo kwenye fizi kwa kidole, tone sio kijiko, alafu mkimbize. Kumlazimisha maziwa akiwa baridi ni kumuua.

MIGUU YA NYUMA IMEKUFA

Gusa nyayo za nyuma ulinganishe na za mbele. Hicho kipimo hakina gharama na kinagawa njia mbili.

Nyayo zina joto: fikiria kuanguka au kugongwa. Siku hizi bodaboda zimejaa mpaka kwenye vichochoro, punda naye akirusha teke halichagui, na paka wanaanguka kutoka juu ya paa hasa wakipigana. Kucha zilizochanika ni alama ya kugongwa. Mteleze juu ya ubao au sinia kubwa bila kumkunja, mfunge na kanga, usimbebe kwa makwapa. Usimkande, usimnyooshe mgongo, hakuna mkandaji wa uti wa mgongo uliovunjika.

Nyayo baridi, vifuko laini vya chini ya nyayo vimepauka au vimegeuka rangi ya zambarau, na analia kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia: hilo ni donge la damu lililoziba mshipa mkubwa unaoshuka miguuni, na chanzo chake kwa kawaida ni moyo mgonjwa. Inatokea kwa dakika, paka mzima wa asubuhi saa nne hana miguu. Maumivu yake ni makali mno. Mpeleke hapo hapo, na ujue kwamba wengi hawaponi na daktari anaweza kukushauri asiendelee kuteseka, msikilize.

Na dume anaechuchumaa kila mara hatoi mkojo, anatembea kwa shida, watu husema kiuno kimeuma. Bonyeza tumbo la chini kwa upole sana, ukikuta kitu kigumu cha mviringo ni kibofu kimeziba, na huyo hana siku mbili.

KALEGEA MWILI MZIMA KWA GHAFLA

Ikiwa alikuwa ufukweni, kuna bunju. Wavuvi wanamtupa akinaswa kwasababu kila mtu wa pwani anajua ni sumu, ila anapotupwa hapo mchangani paka njaa anamlamba. Kutapika, miguu kulegea, kulegea kunapanda mpaka pumzi inakatika. Kumpika hakuondoi sumu na hakuna dawa ya kuipindua, kinachomuokoa ni kusaidiwa kupumua mpaka ipite, na huku kwetu hicho ni kitu kigumu kukipata. Nawaomba wavuvi, mzikeni.

Ukikuta alama za meno, uvimbe, kope zinaanguka, sauti imekatika, huyo ni nyoka. Usichanje, usifunge kamba, usimfukuze nyoka kumtafuta. Mtulize, mbebe, nenda.

MTOTO WA PAKA ANAYUMBA TANGU AANZE KUTEMBEA

Kama anakula, anacheza, anakua, na kuyumba kwake hakuzidi, isipokuwa kichwa kinatikisika zaidi anapokaribia sahani, huyo sehemu ya ubongo inayopanga mwendo haikukua vizuri, mara nyingi kwasababu mama alipata ile homa kali ya kuharisha ya paka akiwa na mimba. Hakuna dawa na hana maumivu. Ana umri wake kamili mbele. Usikubali mtu akwambie amuondoe, mtafutie tu nyumba isiyo na paa wazi, sahani nzito, sanduku la mchanga lenye ukingo mfupi, mkeka wa kukanyaga asiteleze. Lakini akiwa anazidi wiki hadi wiki, basi sio hii, rudi kwa daktari.

PAKA MZEE ANAGONGA UKUTA

Tochi ya simu machoni: mboni zikiwa pana na hazifungi, anaweza kuwa kapofuka kwa presha ya damu, na nyuma ya presha mara nyingi kuna figo. Ukiwahi siku hiyo au kesho yake dawa ya presha inaweza kurudisha uoni kidogo.

UNAPOKWENDA KWA DAKTARI

Kwanza piga simu, ueleze dalili na uulize kama yupo, manake kuvuka na paka mgonjwa mpaka Mokowe ukakuta mlango umefungwa ni kumtesa. Kwa kesi za upasuaji au vipimo vya damu huenda ukaambiwa Malindi au Mombasa, uliza kwanza kama paka anaweza kuhimili hiyo safari au atulizwe kabla.

Katoni yenye matundu, taulo chini, funika juu na kanga, usimlishe njiani kama anayumba. Kwenye boti mweke katikati sio mbele panaporuka mawimbi. Andika kwenye simu: ameanza lini na saa ngapi, amekula nini wiki hii, amepakwa au kuchomwa nini na lini, ana chanjo gani, kuna paka mwengine au mtu alieguswa na mate yake. Picha ya dawa au sumu, vidio ya mwendo wake.

Na njia nzima usimpe Panadol. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mzima, damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za kahawia na uso unavimba. Diclofenac na Brufen nazo usimpe. Kama kuna mtu nyumbani ameshampa, mwambie daktari jambo hilo kabla ya mengine yote, kwa jina la dawa na saa aliyopewa.